Risala ya Kikundi cha Wanawake Wafanyabiashara wa Mpakani, Busia, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Hakimu wetu. Mwenyekiti wa LC I, yaani baraza la kijiji. Viongozi wa dini. Wenzetu wa upande wa Kenya mliovuka asubuhi hii. Mabibi na mabwana.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua mafaili yanayokungoja mezani, kwa hiyo risala hii, inayohusu usuluhishi wa migogoro, ni fupi, ingawa wapo waliotaka irefushwe.

Mheshimiwa, sisi tunauza maharagwe, mahindi, mukene (dagaa) na vitenge, na mali yetu nyingi hutoka kwa mkopo: leo nakupa magunia, siku ya soko unaniletea pesa. Hapo ugomvi haukosekani. Juzijuzi wanachama wetu wawili waligombana kwa ajili ya maharagwe. Muuzaji ana daftari lake, mnunuzi ana karatasi ya mizani ya ng'ambo, na kilo hazilingani. Kila mmoja alikuwa ameshatafuta wakili. Tuliwakalisha stoo, juu ya magunia yaleyale, mama mmoja wa kamati akamsikiliza kila mtu pembeni kabla ya kuwakutanisha. Huko pembeni muuzaji akasema kinachomuuma zaidi ni kuitwa mwizi mbele ya wateja. Hati ya madai isingeyataja hayo. Alipoombwa radhi, hesabu haikuchukua muda: upungufu wagawane, deni lilipwe kidogo kidogo kila siku ya soko. Wote wawili wako hapa leo, na bado wanauziana.

Kwetu sisi wa mpakani kupatanishwa namna hii kuna uzito wake. Mdaiwa akishavuka, yuko chini ya sheria za nchi nyingine, na hukumu ya Uganda haimfuati kirahisi. Anayelipa hulipa kwa sababu kesho anahitaji mzigo.

Tumefurahi kufahamu kwamba sheria nayo inaunga mkono upatanisho. Ibara ya 126 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inazitaka mahakama zihimize upatanisho, na kanuni za usuluhishi za 2013 zinapeleka mashauri ya madai kwa msuluhishi kwanza, kabla ya kusikilizwa, amalize ndani ya siku 60. Msuluhishi hatoi hukumu. Yanayosemwa mbele yake ni siri, hayageuzwi ushahidi mkishindwana; mkikubaliana, makubaliano yakisajiliwa mahakamani yana nguvu ya hukumu. Wengi wetu hatukuyajua haya. Tulidhani kwenda kwa msuluhishi ni kukubali kwamba huna kesi.

Hata hivyo, Mheshimiwa, tuseme wazi: si kila jambo ni la kupatanishwa. Mjane anayefukuzwa shambani huambiwa "yamalizeni nyumbani", na huko nyumbani waliokaa kumsikiliza ni haohao wanaolitaka shamba. Mwanamke aliyepigwa naye hurudishwa kwa wazee wakati hilo ni kosa la jinai. Watu wa namna hii tunaomba mlango wa mahakama uwe wazi kwao tangu siku ya kwanza.

Maombi yetu si mengi. Kwanza, makubaliano ya mahakamani huandikwa kwa Kiingereza. Tunaomba yasomwe kwa Kiswahili, Kisamia au Kiteso kabla mtu hajaweka dole gumba. Pili, kamati yetu ifundishwe namna ya kuandika makubaliano, maana mengi yetu ni ya mdomo, na shahidi akihama yanahama naye. Tatu, ofisi yako itueleze kwa kina utaratibu wa madai madogo, yale yasiyozidi shilingi milioni 10, ambayo mtu hujisemea mwenyewe bila wakili. Na kama inawezekana, wasuluhishi wanaotambuliwa na mahakama waje sokoni hata mara moja kwa mwezi. Stoo tunayo, na viti tutaazima msikitini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.