Mwalimu, Kompyuta Yako Haijafa

Umoja, Nairobi
15 Februari 2026

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kutoka huku Umoja. Sisi tu wazima, watoto wanasoma, na Baba Watoto bado anauliza ni lini tena utatuletea ndizi za Taveta. Natumai mzee wako amepata nafuu ya mgongo.

Najua unachongoja kusikia, kwa hivyo nakianza hicho. Faili zote za kompyuta uliyonitumia kwa basi baada ya kugoma kuwaka zipo. Picha za marehemu mama, alama za Gredi ya 5, mitihani uliyotunga tangu mlipohamia Voi, hata nyimbo za kwaya. Nimezinakili kwenye diski yangu ya nje na tena kwenye flashi nitakayokutumia. Na aliyeziokoa ni wewe, siku ile ulipomkatalia fundi asifute diski. Ungemkubalia, mimi hapa nisingekuwa na la kufanya.

Ngoja nikueleze nilichokikuta, maana ukielewa hutababaishwa tena na mtu.

Sipiyu, yaani lile boksi la kompyuta, ilishuka kwenye basi salama. Nilipofungua ubavu wake nikakuta vumbi jekundu la kwenu limejaa kwenye mapezi ya feni mpaka hewa haipiti. Nililipangusa kwa brashi ya rangi, taratibu, ndipo nikaiunganisha na skrini. Ikaandika vilevile ulivyoniambia: hakuna kifaa cha kuwashia. Wengi wakiona maneno hayo husema papo hapo kwamba Windows, programu kuu inayoendesha kompyuta, imeharibika na inafaa kupigwa upya, yaani kuwekwa tena tangu mwanzo. Mimi niliingia kwanza kwenye BIOS, ile programu ndogo ya kiwandani inayoiamsha mashine kabla ya Windows, kwa kubonyeza F2 mashine inapowaka, nikatazama saa. Ilionyesha tarehe 1 Januari 2012, dakika chache baada ya saa sita usiku.

Saa ile ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia. Ndani ya karibu kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuiweka hai saa na, kwenye mashine za umri wa yako, kuhifadhi mipangilio ya BIOS wakati stima haipo. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, betri hiyo haifanyi kazi kubwa. Ikichomolewa likizo nzima, kama mnavyofanya ofisini kwenu kwa kuogopa radi, hapo ndipo inapoliwa. Niliitoa na kuipima: volti 1.1. Imekwisha kabisa.

Betri ilipokwisha, BIOS ilisahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwa mashine yako mipangilio hiyo ni njia ya zamani ya kuwaka, inayoitwa Legacy. Lakini Windows yako iliwekwa kwa njia mpya, UEFI, na diski ikagawanywa kwa utaratibu wa GPT, unaokwenda na njia hiyo. Njia ya zamani hutaka utaratibu wa zamani wa kugawa diski, unaoitwa MBR. Ni kama ofisi ya ardhi ibadilishe rejista usiku: shamba lipo, mipaka ipo, lakini karani wa asubuhi ameshika kitabu kisicho na jina lako na anakuambia huna kiwanja.

Sasa kumbuka ile picha uliyonitumia kwa WhatsApp, fundi alipojaribu kupiga Windows upya. Mashine ilikataa na kusema Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu ina mpangilio wa GPT. Maneno hayo hayakuwa yanalaumu diski. Yalikuwa yanasema: mmeniwasha kwa njia ya zamani, na diski hii ni ya njia mpya. Ukifuta sehemu zote za diski, kizuizi hicho huondoka, kwa sababu diski tupu haina mpangilio wa kubishana nao. Ndiyo maana mafundi wengi hufuta. Naelewa, mteja amesimama mlangoni na kazi nyingine zinangoja. Lakini mimi jambo hili hunikereketa. Kubadilisha njia kwenye BIOS ni kazi ya dakika moja na hakugusi faili hata moja, ilhali kufuta ni kupoteza maisha ya mtu ya miaka kumi kwa kubonyeza mara moja. Wewe ulipokataa, ukaambiwa madabodi, ule ubao mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote, imekufa. Madabodi yako ni nzima. Tena usikubali kamwe kuibadilisha kwa kubahatisha, kwa sababu leseni ya Windows yako imefungwa kwenye madabodi hiyo. Ukibadilisha diski, leseni inabaki. Ukibadilisha madabodi, inaweza kukupotea.

Hata baada ya kujua hayo sikubadilisha chochote mara moja. Faili kwanza. Niliiwasha mashine kwa flashi ya Ubuntu, mfumo wa bure unaofanya kazi kama ya Windows, ile inayokuwezesha kuitumia bila kuiweka kwenye diski, nikafungua diski yako kwa kusoma tu, bila kuandika. Folda zikajitokeza. Nilipoona ile uliyoipa jina la mama nilishusha pumzi, Mwalimu. Nikaanza kunakili. Faili za maandishi zilikwenda upesi, lakini kwenye picha mwendo ukawa unakwama, diski inagonga tik, tik, kisha inaendelea. Niliiacha ichukue muda wake. Ilipomaliza nikafungua picha kadhaa kuhakikisha zinaonekana nzima, maana kunakili si kuokoa mpaka umefungua na kuona.

Kule kugonga kulinitia wasiwasi, nikasoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe huziandika, zinazoitwa SMART. Kuna sehemu zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, na nyingine zinangoja kuhamishwa. Diski ya namna hiyo inaweza kuendelea mwezi au mwaka, hakuna anayejua, na kwa vitu vyako mimi sikuwa tayari kungoja.

Kisha nikaweka betri mpya ya shilingi 100 kutoka Luthuli Avenue, nikarekebisha tarehe, nikabadilisha Legacy kuwa UEFI, nikahifadhi. Windows yako ya zamani ikawaka. Ile ile, na picha ya watoto wako nyuma yake. Kwa hivyo tangu mwanzo Windows haikuwa na ubovu wowote wa kuhitaji ipigwe upya.

Ningeweza kukurudishia hapo, lakini kwa ile diski ingekuwa kukudanganya. Ndipo nikakupigia simu ile Jumatano na ukaniruhusu ninunue SSD, diski ya aina mpya isiyo na sehemu zinazozunguka, ya 240 GB. Nimeipata hapo hapo Luthuli, risiti iko ndani ya boksi.

Hapa ndipo kazi ilipokuwa ngumu, na nataka uijue sawasawa kwa sababu unasema shuleni kuna mashine nyingine kadhaa zinazofanana na hii.

Flashi ya kupigia Windows niliitengeneza upya kwa programu ya Microsoft yenyewe, wala sikutumia nakala inayozunguka mitaani. Zile nakala za mtaani mara nyingi zimechezewa, na huwezi kujua zimewekewa nini ndani. Nikachomoa waya wa diski ya zamani kabisa. Hili usilipuuze: ukiacha diski mbili zimeunganishwa, Windows huweza kuingia kwenye mpya huku faili zake za kuwashia zikikaa kwenye ya zamani, na siku utakayoitoa ya zamani mashine haitawaka. Kisha nikabonyeza F12 kuchagua pa kuwakia. Flashi moja huweza kuonekana mara mbili kwenye orodha ile, mara moja ikiwa na neno UEFI mbele yake na mara nyingine bila. Chagua yenye UEFI. Ukichagua ile nyingine unarudi kwenye ugomvi ule ule wa GPT na MBR, safari hii ukiwa umejitakia.

Ikaanza kunakili vizuri, kisha ikasimama. Msimbo 0x8007025D, na maelezo kwamba Windows haiwezi kuweka faili zinazohitajika. Nikaanza tena, ikasimama pengine. Nikatengeneza flashi nyingine, nikabadilisha na tundu la kuichomeka, bado. Na asilimia haikuwa ile ile. Tazama sana asilimia, Mwalimu. Flashi yenye faili mbovu aghalabu hukwama pale pale kila mara, kwa sababu faili mbovu ni ile ile. Kukwama kunakohamahama kunaelekeza kwenye memori, yaani RAM, mahali kompyuta inaposhika kwa muda kile inachokifanyia kazi, kwa kuwa kila kinachonakiliwa hupitia huko kwanza, na huwezi kujua kitatua upande gani wa RAM.

Hapo nikakumbuka malalamiko yako ya mwaka jana, ile tabia yake ya kuleta skrini ya buluu na kujizima katikati ya kuchapa mtihani. Ulidhani ni virusi.

Mashine yako ilikuwa na RAM mbili za 4 GB kila moja. Nilizitoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa, nikazirudisha. Wakati mwingine hiyo peke yake hutosha. Nikaiwasha kwa Memtest86+, programu isiyofanya kazi nyingine ila kuandika na kusoma memori tena na tena, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi skrini ilikuwa na mistari myekundu. Nikapima moja moja. Ya kwanza ikapita safi. Ya pili haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai, mistari myekundu ikamiminika. Nikaihamishia kwenye tundu la mwenzake nisije nikalisingizia, na huko pia ikaanguka. Basi ubovu ni wake.

Kwa RAM moja iliyobaki, Windows iliingia mara moja bila neno. Baadaye nikaongeza nyingine ya 4 GB iliyotumika, baada ya kuipima usiku mzima vilevile. Mashine ilipojizima kuanza upya mara ya kwanza nilichomoa flashi, kwani ukiiacha inaweza kuanza kukupigia Windows tangu mwanzo. Ilipopata intaneti leseni ikajithibitisha yenyewe, bila namba wala malipo.

Kuhusu Windows 11 uliyoniuliza. Mashine yako ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, na Microsoft inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. Kuna njia za kupita uani na wapo wanaozifanya mjini kila siku. Sikuifanya kwako, kwa sababu Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyopitishwa hivyo, na wewe uko mbali na msaada ikikwama. Nimekuwekea Windows 10. Msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, lakini nimeiandikisha kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama unaofika 13 Oktoba 2026, kwa kutumia ile akaunti yako ya Microsoft. Usiifunge akaunti hiyo. Kabla ya tarehe hiyo, likizo ya Agosti, njoo Nairobi tukae siku nzima nikuonyeshe Ubuntu. Kwa kazi zako za kuandika mitihani, kuweka alama na kuingia kwenye mtandao inatosha vizuri, na hiyo mashine itakutumikia miaka mingine. Nisingependa utupe kompyuta nzima kwa sababu ya tarehe tu.

Basi litaondoka Jumanne jioni, namba ya mzigo nitakutumia kwa simu. Ukiipokea iache ipoe, kisha iunganishe na uiwashe. Ukiona saa si sahihi nipigie kabla ya kufanya jambo lolote. Diski ya zamani nimeifunga kwenye gazeti, imo ndani ya boksi, imeandikwa ISITUMIKE. Usimpe mtu na usiifute, ikae kabatini mpaka uwe umefungua picha zote nilizozirudisha kwenye SSD na kuridhika. Ile flashi ya nakala isikae nyumba moja na kompyuta, mpe dada yako kule Mwatate. Na kwenye likizo msichomoe waya miezi mizima, nunueni kinga ya radi nzuri, betri itadumu.

Zile mashine nyingine za shule, kabla hamjamwita mtu, mwambie mwalimu wa kompyuta aingie BIOS kwenye kila moja na aandike saa inasema nini. Anitumie hiyo orodha nami nitajua betri ngapi za kuwanunulia huku, nizitume pamoja na mzigo wako.

Msalimie mzee na watoto, na mama mkwe hasa.

Wako,
Jirani yako wa ploti ya Umoja