Mwenye nyumba anaona nini akikagua historia yako ya mikopo?

Swali tunaloulizwa kuliko yote huja kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mteja kuipenda nyumba na kabla hajajaza fomu: "Ataona madeni yangu?" Kazi yetu ni kupangisha nyumba hapa England, na inatuuma kila tunapomwona mpangaji mzuri akiiacha nyumba aliyoitaka kwa kuogopa ukaguzi ambao usingemdhuru.

Mwenye nyumba haoni kila kinachoonwa na benki. Benki inapotaka kukukopesha hufungua faili lako lote kwenye kampuni za taarifa za mikopo, na zilizo kubwa ni tatu: Experian, Equifax na TransUnion. Humo mna kadi zako, mkopo wa gari, hata bili ya simu uliyochelewa kuilipa. Mwenye nyumba au wakala wake kwa kawaida hupewa kipande tu cha faili hilo, hasa mambo ambayo tayari ni kumbukumbu za umma. Salio lako la benki halimo. Deni la kadi halimo. Ukaguzi wenyewe kwa kawaida ni ule mwepesi: wewe utauona ukifungua ripoti yako, lakini wakopeshaji hawauoni na haushushi alama zako za mikopo.

Anachokiona ni haya: kama umewahi kutangazwa muflisi, kama uko kwenye mkataba rasmi wa kulipa madeni kidogo kidogo, kama jina lako limo kwenye daftari la wapiga kura katika anwani uliyoitaja, anwani nyingine zinazohusishwa nawe, na hukumu za madeni za mahakama ya kaunti, zile ambazo wengi huziita CCJ.

Hizo CCJ ndizo zinazowaangusha watu wengi, tena wengine bila wao kujua. Mtu anahama, kampuni ya umeme au ya maegesho inamdai, barua zinakwenda kwenye anwani ya zamani, kesi inasikilizwa bila yeye kuwepo, na hukumu inatoka. Anakuja kuijua siku anapokataliwa nyumba. Hukumu hiyo hukaa kwenye rejista miaka 6. Ukilipa deni lote ndani ya mwezi mmoja tangu itolewe, hufutwa kabisa. Ukilipa baada ya hapo haifutwi, ila huandikwa kwamba imelipwa, na wenye nyumba wengi hulitilia maanani hilo. Kama kweli hukupata barua, unaweza kuiomba mahakama itengue hukumu. Fanya hivyo mara tu unapoigundua, maana kuchelewa hudhoofisha ombi lako.

Ndugu zetu waliofika karibuni wana shida nyingine: faili tupu. Hakuna baya lililoandikwa, na hakuna zuri pia, kwa hiyo mfumo unashindwa kumthibitisha mtu. Kuna hatua moja ambayo wengi hawaijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi Uingereza wanaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura, na Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo. Ukijiandikisha, anwani yako inaanza kuthibitika. Ndugu kutoka Kongo hawana nafasi hiyo. Wao tunawashauri watangulize barua ya mwajiri, barua ya mwenye nyumba waliyetoka kwake, na mdhamini kama yupo.

Kipato hakimo kwenye ukaguzi wa mikopo, hicho hukaguliwa kando. Mawakala wengi hutaka mshahara wa mwaka ufikie kodi ya mwezi mara 30, kwa hiyo kodi ya pauni 1,000 hudai mshahara wa pauni 30,000. Utaombwa hati za mshahara, au taarifa za benki, au uunganishe akaunti yako ya benki na mfumo wao. Hapa ndipo mtu anaweza kuona unavyotumia fedha zako, na ni wewe unayempa ruhusa. Usipopenda kuunganisha akaunti, uliza kama hati za mshahara na barua ya mwajiri zinatosha.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, sheria ya England inakataza kumtoza mpangaji ada ya ukaguzi huu. Wakala au mwenye nyumba akikudai ada hiyo, usilipe. Anachoweza kuchukua ni fedha ya kushikilia nyumba, isiyozidi kodi ya wiki moja. Ila ukitoa taarifa za uongo au za kupotosha, fedha hiyo anaweza kubaki nayo. Ndiyo maana tunawasihi wateja wetu: kama kuna CCJ, tuambie kabla ya fomu. Tukienda kwa mwenye nyumba tukiwa na maelezo yako na risiti za malipo mkononi, mazungumzo huwa tofauti kabisa na yale yanayofuata baada ya yeye kuikuta mwenyewe.

Ripoti yako una haki ya kuipata bure kutoka kila moja ya kampuni zile tatu. Ziombe zote, maana huwa hazilingani, ukague tahajia ya jina lako na anwani za zamani, kisha njoo nazo ofisini siku ya kwanza.