Tusiuziwe mashine za maji kwa kutishwa

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita kijana muuza mashine za RO, zile zinazosafisha maji kwa kuyasukuma yapite kwenye utando mwembamba, alisimama uani kwetu hapa Usa River na glasi mbili: moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji ya mashine yake. Akachovya kidude chenye vyuma, akawasha umeme. Ya bomba yakawa tope la rangi ya kutu, ya kwake yakabaki meupe. Jirani yangu alishaanza kuuliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo.

Nimefundisha kemia miaka 31. Nikamwomba arudie, ila kwanza nikadondosha chembe za chumvi ya mezani kwenye glasi yake. Nayo ikawa tope. Ile rangi inatoka kwenye vyuma vyenyewe; maji yasiyo na madini hayapitishi umeme vizuri, basi. Kijana alifungasha vitu vyake bila kuaga.

Sizipingi mashine hizo. Ninayo moja, tena niliinunua kwa ajili ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya shughuli za ukoo. Maji ya huku chini ya Mlima Meru yana floraidi. Meno ya kahawia mnayoyaona kwetu si uvivu wa kupiga mswaki. Na kuchemsha hakusaidii. Ndizi zikikaa jikoni tangu asubuhi, maji huondoka na mvuke, floraidi hubaki sufuriani ikizidi kukolea. Maabara walikuta miligramu 6 kwa lita kwenye maji yangu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Yaliyopita kwenye mashine yalikuwa na 0.5.

Kwa hiyo mnunuzi aanzie maabara. Kile kipimo cha TDS mfano wa kalamu, ambacho wauzaji hupenda kukichomoa mfukoni, hujumlisha madini yote, floraidi hakiijui. Kisha atazame msukumo wa maji yake. Utando wa RO unataka bar 3 hadi 4 hivi. Simtanki langu liko juu mita 5, yaani nusu bar tu, nikalazimika kuongeza pampu. Mashine iliyoandikwa galoni 75 kwa siku, kama lita 280, hutoa hizo msukumo ukiwa kamili na maji yasiwe ya baridi, na ya huku ni ya baridi. Mimi huanza kukinga siku moja kabla. Kichujio cha mkaa kisikosekane: klorini hula utando, na huipa pombe harufu ya dawa.

Wapika bia ya shayiri huyaongezea jasi maji ya RO ili yapate kalsiamu. Kwa mbege sijaona haja, ulezi unayo tele, na uchungu wa msesewa, gome tunalotia kwenye mbege, uko palepale.

Halafu kuna mrija wa taka. Kila lita safi humwaga lita tatu hivi, zenye floraidi kuliko hata ya bomba. Kwangu zinaenda chooni. Aliyeniuzia alinishauri nimnyweshe ng'ombe.

Mwalimu mstaafu,
Usa River, Arusha