Harambee ya Paa la Chumba cha Kompyuta

Kwa wazazi, wanafunzi wetu wa zamani, makanisa jirani na kila aliyewahi kupita katika lango letu,

Hamjambo. Tunawaandikia tukiona haya, kwa kuwa nyinyi ndio mliotununulia kompyuta 11, na leo tunarudi kuwaomba paa.

Mvua ya Kakamega mnaijua. Ngurumo ya kwanza ikisikika alasiri kutoka upande wa msitu, mwalimu wa Kompyuta huweka chaki chini. Hakuna anayengoja kuambiwa. Wawili hukimbilia swichi, wengine huchomoa nyaya, waliobaki hufunika mashine kwa turubai za kuanikia mahindi walizotoka nazo kwao. Kisha wote 43 hubanana ukutani penye ukavu, na kipindi kimeishia hapo. Muhula uliopita mvua ilinyesha usiku, pasipo mtu wa kufunika. Mashine mbili hazijawaka tena.

Kosa ni letu, na kwenye mkutano wa wazazi tulilikiri. Pesa zenu zote tulizitia kwenye mashine, chumba tukakiezeka kwa mabati tuliyoyabandua kwenye bwalo la zamani, matundu ya misumari yakiwa wazi. Tuliziba kwa lami. Haikufika hata msimu wa pili.

Anayeumia zaidi ni mtahiniwa. Somo la Kompyuta katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, lina karatasi tatu: nadharia, vitendo, na mradi ambao mwanafunzi hutengeneza mwenyewe hadi ufanye kazi. Mradi haukaririwi. Tunaye msichana wa kidato cha nne anayeandika programu yake kwa penseli kwenye daftari la miraba. Huifuata kwa kidole, mstari baada ya mstari, akinong'ona vile mashine ingejibu. Jumamosi hutembea hadi saiba mjini na shilingi 20 mkononi, na huko kila dakika ni shilingi. Siku moja dakika zilimwishia akiwa bado anatafuta kosa. Jumatatu alituletea daftari: bano moja la kufunga alilolisahau, amelizungushia duara.

Watakaofanya KCSE ya 2027, wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, waliingia darasa la kwanza mwaka wa 2016, serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi. Tangu wakiwa wadogo wameambiwa kwamba kompyuta ni mambo yao. Nyuma yao wapo wa Gredi ya 10, wa mtaala mpya. Tutawaambia wasubiri kiangazi?

Na sisi si watu wa kushindwa na mabati. Miaka ya 1970 wazee wa Magharibi walichanga kwa harambee wakasimamisha chuo cha WECO, wengi wao bila hata kuwa na stima nyumbani. Chuo hicho ndicho Masinde Muliro, chuo kikuu kamili tangu 2007, na wako watoto wetu wanaotamani kusomea kompyuta pale pale. Tuseme pia ukweli mwingine, kwa heshima: kwa matanga tunachanga usiku mmoja, na gari, turubai na chakula vinapatikana. Ndivyo inavyofaa, jirani asizikwe kwa aibu. Mtoto aliye hai naye tumkumbuke kwa moyo ule ule.

Mabati 64 ya geji 28, mbao, gata, kizuia radi na malipo ya fundi ni shilingi 312,000. Walimu na wazazi wameshatoa 74,500. Zimebaki 237,500. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya shule kufungwa. Safari hii pesa hazitatoka kwa kitu kingine chochote kabla paa halijakamilika.

Njooni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, uwanjani kwetu. Kadi za mchango ziko kwa wawakilishi wa madarasa na kwa makarani wa makanisa. Walio Nairobi na kwingineko watume kwa M-Pesa kupitia nambari iliyo kwenye kadi. Asiye na pesa alete jogoo, mkungu wa ndizi au gorogoro ya maharagwe, tutapiga mnada. Mungu awabariki kwa mlichokwisha kutoa.

Tutaanza saa tatu asubuhi kamili, ili tumalize kabla ya mvua.