Jenereta ndogo si ya kujaza betri mpaka juu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linalotugharimu fedha nyingi sisi tunaovua katika visiwa vya Lamu, nalo ni namna tunavyochaji betri kwa jenereta ndogo za kubeba mkononi. Mji wa Lamu umo kwenye gridi ya taifa, lakini anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu, upande wa Kiwayu hana nguzo wala waya wa umeme karibu naye. Ana betri zake, ana paneli ya sola, na mawingu ya vuli yakitanda siku tatu mfululizo, tegemeo lake ni jenereta ambayo kijana mmoja huibeba kutoka chomboni hadi kambini bila kuhema.

Katika dago letu tulikuwa watu wanane na betri mbili mpya za sola, kila moja ya ampea-saa 100, ndicho kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri. Ziliwasha taa, zikachaji simu na kuendesha friji ndogo ya volti 12. Hazikumaliza mwaka. Aliyetuuzia jenereta alituonyesha tundu lake la volti 12, akatupa waya wenye vibanio viwili, akasema kazi imekwisha. Nasi tukawa tunaiwasha kwa muda wa saa moja kila jioni, tukiona taa zimeng'aa tunaizima, tukiamini betri zimeshiba.

Tundu lile ndilo lililotupoteza. Katika jenereta nyingi ndogo hutoa kiasi cha ampea 8 tu, tena bila chombo cha kupima hali ya betri na kurekebisha umeme kadiri inavyojaa. Tukitumia nusu ya betri zetu mbili usiku, yaani ampea-saa 100, tundu hilo lingehitaji zaidi ya saa kumi na mbili kuzirudisha, achilia mbali kinachopotea njiani. Sisi tulikuwa tukilipa saa moja. Kila siku deni likaongezeka, na bandu bandu humaliza gogo.

Njia inayofaa ni kutumia tundu la umeme wa kawaida, lile la volti 240, na kuchomeka chaja halisi ya betri, ile inayorekebisha umeme yenyewe kadiri betri inavyojaa. Hapo pia tulikosea mara ya kwanza, maana kwa tamaa ya kumaliza upesi tulinunua chaja ya ampea 60. Chaja hiyo hupeleka kwenye betri wati 864 kwa volti 14.4, na ukiongeza upotevu ndani ya chaja yenyewe, inavuta zaidi ya wati 1,000. Jenereta yetu imeandikwa 1,000 kwa herufi kubwa ubavuni, lakini hicho ni kiwango cha kufikia kwa muda mfupi. Mfululizo inabeba 800. Iliguna kidogo, ikazimika. Chaja ya ampea 30 huvuta kiasi cha wati 500, na mashine huibeba bila taabu huku ikinywa chini ya nusu lita ya petroli kwa saa. Betri za asidi kama zetu nazo hupenda kuchajiwa kwa ampea zilizo kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya tano ya ujazo wake, kwa hiyo kwa ampea-saa 200, chaja ya 30 iko mahali pake.

Lakini hata ukiwa na chaja nzuri, usijaribu kujaza betri mpaka juu kwa petroli. Jambo hili nilielezwa Mokowe, barabara inapoishia, na msafiri aliyekuwa ameegesha gari lake la kulala, lenye kitanda, jiko na betri mbili chini ya kiti. Nilimdhania tajiri asiyejua shida, kumbe hesabu yake na yangu ni moja. Betri ya asidi iliyoshuka hadi nusu hupokea umeme kwa pupa mpaka ifike takriban asilimia 80. Kuanzia hapo hukataa, ikawa inapokea kidogo na kidogo zaidi kila dakika, na ile sehemu ya tano iliyobaki huweza kuchukua saa nne au zaidi hata kama chaja yako ina nguvu za punda kumi. Muda huo wote jenereta inanguruma na kuchoma petroli kwa ajili ya ampea chache ambazo paneli moja ingezitoa bure. Kwa hiyo yeye huwasha jenereta alfajiri, akaizima baada ya saa mbili na ushee, na kuliachia jua limalize polepole mchana kutwa. Wengi wetu tulikuwa tukifanya kinyume, tukiwasha jioni baada ya kula, wakati hakuna jua la kuipokea kazi.

Tumefuata utaratibu huo tangu hapo. Saa mbili za chaja ya ampea 30 hurudisha karibu ampea-saa 60, na paneli yetu ya wati 200, ikipata hata ampea 8 au 9 kwa saa tano, hukaribia kumaliza 40 zilizobaki. Petroli inayotumika ni lita moja kwa siku ya mawingu, na siku ya jua kali hatuwashi kabisa. Jua lisipochomoza hata kidogo, basi mara moja kwa wiki tunaiacha mashine ifanye kazi mpaka mwisho, kwa sababu betri inayoishi nusu nusu hujenga ukoga mweupe wa salfeti kwenye bamba za risasi, na ukoga huo ukigandamana hakuna chaja ya kuung'oa. Ndio uliomaliza zile mbili za kwanza. Wenye betri za lithiamu wamesalimika na habari hii, kwani zenyewe hupokea kwa nguvu karibu mpaka mwisho, ila bei yake haijatufikia wavuvi.

Kipimo cha volti kinauzwa kwa bei ya samaki wawili. Betri iliyopumzika saa kadhaa ikisoma 12.7 imejaa, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ukipima mara tu baada ya kuzima chaja, utadanganywa. Ndani ya betri za kufunguliwa mtie maji ya betri ya dukani, si ya kisima, na zikae mbali na maji ya bahari, kwa maana chumvi ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini.

Kuna neno la hatari kuliko fedha. Mvua ikinyesha, watu huingiza jenereta chini ya turubai wanapolala, au kuiacha ikinguruma ndani ya chombo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu kwa kichwa kuuma na usingizi kabla ya kumuua. Iwekwe nje, hatua nyingi kutoka kibandani, upande wa demani, upepo unakoelekea, na si joshini unakotoka, nayo ipoe kabla ya kutiwa petroli tena.

Maelekezo ya mashine hizi huja kwa Kiingereza na Kichina, na mvuvi hufundishwa na muuzaji ambaye naye hakusoma. Naziomba BMU zetu, yaani vikundi vya usimamizi wa fukwe, zipange mafunzo ya nusu siku kabla ya kila msimu wa dago, fundi akiwa na betri na kipimo mbele ya watu. Wauzaji wa Lamu na Mokowe nao wangeweza kubandika karatasi moja ya Kiswahili juu ya kila boksi: ampea za tundu la volti 12, wati ambazo mashine hubeba mfululizo, na umbali wa kuiweka kutoka mahali watu wanapolala.

Nahodha wa mashua,
Kizingitini, Lamu