Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mapito ya Bustani Yetu

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni kwa masika.

Ya fedha atawasomea mhazini. Pampu ya kisima inafanya kazi, umeme hatudaiwi, na wanachama wapya mnawaona wameketi pale mbele. Muda wangu karibu wote nitautumia kwa jambo moja, yaani mapito kati ya matuta, maana mwaka huu hakuna lililotugombanisha kuliko hilo.

Chanzo mnakijua. Udongo wa huku chini ni mfinyanzi. Mvua za Machi zikishaanza, mtu mwenye keni mbili zilizojaa hapiti bila kuteleza, na akikwepa tope mguu unatua kwenye tuta la jirani. Tuta likikanyagwa udongo unashindiliwa, hewa na maji havishuki, na mchicha unadumaa hata uumwagie samadi ya kuku kiasi gani. Tulishakubaliana matuta yasizidi upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Makubaliano hayo hayana kazi kama njia yenyewe haipitiki.

Mapendekezo yalikuja mengi. Kamati iliyapima yote kwa swali moja: kitu hiki kikichakaa kitaishia wapi? Kwa sababu kinachotandazwa njiani hakikai njiani. Mvua inakisogeza, kuku wanakichakura, jembe linakivuta, na haupiti muda mrefu kimeshaingia tutani. Sisi tunalima mchicha, matembele na figiri, mboga zinazotoka tutani zikaingia sufuriani siku hiyohiyo, kwa hiyo kinachoingia kwenye udongo ule si cha kukichukulia kirahisi.

Viroba vya sandarusi ndivyo vilivyotandazwa na wengi, kwa kuwa ni vya bure. Mwanzoni vinapendeza kweli. Kisha jua la Dar linavikausha, vinaanza kuchanika nyuzinyuzi. Mama mmoja wa genge anayechukua mboga kwetu alinirudishia fungu la mchicha. Nyuzi nyeupe alizozichambua alikuwa amezipanga pembeni ya meza, moja moja, wala hakusema neno. Na ndago, lile gugu sugu tunalotaka kulizuia njiani, hata haikusumbuka. Ncha yake inatoboa kiroba kama sindano ya kushonea magunia, huku chini inaendelea kuzaa vile viazi vyake vyeusi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Sioni kwa nini sisi tuizike plastiki ya aina nyingine kwa mikono yetu. Kamati inapendekeza viroba vyote viondolewe sasa, vingali vizima na vinaweza kukunjwa.

Kifusi cha nyumba zinazobomolewa kilipendwa na vijana, kwa hoja kwamba ni kigumu na watu wanakitupa tu. Nilikwenda kukiangalia kile kilicholetwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pale getini: misumari, vipande vya vigae, vioo, plasta yenye rangi. Nusu yetu tunafanya kazi kwa ndala, wengine pekupeku. Isitoshe, saruji na chokaa vinapunguza asidi ya udongo, na vikizidi mmea unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo. Majani yanakuwa manjano, mishipa tu ndiyo inabaki kijani. Mawe ya matumbawe yanayochimbwa huku pwani yana tabia hiyohiyo. Kokoto peke yake, juu ya mfinyanzi, inazama tu. Kuna na lingine ambalo baadhi yenu hamkutaka lisemwe, lakini nalisema: eneo hili si letu. Tunalilima kwa hisani ya mwenyewe, na siku akilitaka tutaondoka. Kumwaga fedha za chama kwenye kitu tusichoweza kukihamisha si busara. Kwa hiyo mawe yabaki sehemu mbili tu, kuzunguka kisima ambako maji yanamwagika kutwa, na njia kuu ya toroli yenye upana wa sentimita 90.

Sasa maranda, ambayo ndiyo kamati inayapendekeza kwa mapito ya katikati. Keko yanapatikana kwenye karakana za samani, na mafundi wengi wanafurahi ukiwaondolea. Lakini si kila maranda ni maranda. Ya mbao zilizotiwa dawa tusiyaguse, kwani dawa za mbao huweza kuwa na shaba, kromiamu na arseniki. Mbao hizo mara nyingi zina rangi ya kijani iliyopauka. Vumbi la MDF, zile mbao za unga uliogandishwa, nalo lina gundi. Anayekwenda kuchukua amuulize fundi leo anaranda mbao gani, na kama gunia limechanganywa aliache hapohapo. Yatandazwe unene wa vidole vinne hivi, juu ya maboksi yaliyobanduliwa selotepu. Mchwa watakuja, hilo tusidanganyane. Maboksi watayala, na ndago itapenya, ila ikiota kwenye maranda malaini inavutika na baadhi ya viazi vyake, kitu ambacho kwenye mfinyanzi mkavu hakiwezekani.

Mzee mmoja hapa alisema maranda yanaua mboga. Ana hoja. Ukiyachanganya mabichi na udongo wa tuta, vijidudu vinavyoyaozesha vinanyang'anya mmea naitrojeni na mchicha unageuka manjano. Yakikaa juu ya njia, hasara hiyo haifiki tutani. Yakishaoza na kuwa meusi ndipo unayakwangua, unayapandisha tutani na kutandaza mapya. Hapo njia inakuwa inatutengenezea mbolea wakati sisi tunapita.

Sehemu zinazotuama maji yanafaa makumbi ya nazi. Yanaoza polepole, yananyonya maji, na mguu hauzami. Wauza madafu wanayatupa kila jioni. Sharti langu ni moja, na hapa sitalegeza: dafu tupu lipasuliwe vipande na upande wa mgongo ukae juu. Dafu lililokaa kama bakuli likijaa mvua ni zalio la mbu wa dengi, wale wanaouma mchana, na jiji hili lilikwisha kuuguzwa vya kutosha mwaka 2014 na tena 2019. Vifuu navyo ni hivyohivyo.

Pumba za mpunga tumezikataa. Ni nyepesi, mvua moja inazipeleka zote mtaroni, na chenga zilizobaki humo zinaita kuku na panya. Ukoka nao umekataliwa: unapendeza kwa kukanyagwa, lakini hautambui mpaka wa njia na tuta.

Upana wa mapito ya katikati uwe sentimita 45. Najua wapo waliokwishaumega hadi hapapitiki ili wapate mstari mmoja zaidi wa matembele. Kamati itapita na kamba, na majina sitayataja leo.

Ninaomba mkutano upitishe mambo matatu: kuondoa viroba, kutenga fedha za kukodi kirikuu kwa safari za maranda na makumbi, na kununua kokoto za kisimani na za njia kuu ya toroli tu. Kazi ya kutandaza ifanyike kabla ya vuli kuanza Oktoba, kila mwanachama kwenye mapito yanayopakana na matuta yake. Wazee na wajawazito watafanyiwa na vijana, bila malipo.

Naomba kuwasilisha.