Siku za kuumwa sheria imetupa, shida ni karatasi

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni karani wa mauzo kwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma mjini na nina selimundu, wengi mmezoea kuiita sikoseli.

Kila ikifika Juni 19, siku ya selimundu duniani, magazeti na redio zinajaa habari za watoto. Nashukuru sana kwa hilo, watoto wanahitaji kugundulika mapema, na tena hapa hapa kwetu hospitali ya Benjamin Mkapa toka 2023 wanapandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa watoto wenye ugonjwa huu, kitu ambacho zamani tulikua tunasikia wanapelekwa India. Ila jamani watoto wa selimundu wanakua. Wanasoma, wanamaliza, wanahangaika na bahasha mpaka wanapata kazi, afu kuanzia hapo hakuna anayewaandika tena.

Kwa asiyejua, huu ugonjwa unaurithi kwa baba na mama wote wawili, hauambukizi hata kidogo. Chembe nyekundu za damu za mtu mwingine zinaishi kama siku 120, zetu zinaishi siku 10 mpaka 20 zinavunjika, ndo maana damu iko chini muda wote na macho yanakua ya njano (kuna mteja aliniuliza kama natumia gongo, mbele za watu). Hizo chembe zinajikunja, zinanasa kwenye mishipa midogo, na zikinasa ndo maumivu yanaanza, mgongo, mapaja, kifua, maumivu ambayo hata kugeuka kitandani huwezi. Kinachoyaamsha ni baridi, kukosa maji mwilini, uchovu, malaria, na saa nyingine hakuna sababu yoyote unayoiona.

Sasa fikiria Dodoma hii. Mwezi wa sita na wa saba ule upepo wa asubuhi unavyochapa, umesimama kituoni Nkuhungu unasubiri daladala, ikija dirisha halifungi na konda anakwambia sogea nyuma kuna nafasi. Hewa kavu mwaka mzima. Tunatakiwa tunywe maji mengi sana kutwa nzima, na figo zetu hazishiki maji vizuri kwahiyo unakunywa unaenda chooni, unakunywa unaenda chooni, na msimamizi yuko pale anakuangalia kama vile unaenda kuchati. Mimi nilishaambiwa "dada we umeajiriwa dukani au chooni", watu wakacheka na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Hayo ya masihara nayavumilia. Ninachotaka kuongea ni ED, ile karatasi ya daktari inayoonyesha unaumwa na unatakiwa upumzike usiende kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ukigawanya ni kama siku tatu na nusu kwa mwezi. Kwa mtu kama mimi ambaye naumwa siku moja hapa, mbili kule, mwezi mwingine siumwi kabisa, zinatosha na zinabaki. Siwezi kusema sheria imetuonea. Ila ili ulipwe lazima ulete cheti cha daktari, na hapo ndo panapotuumiza, kwa sababu maumivu yakija ya kawaida yetu hatuendi hospitali. Tumefundishwa kliniki kabisa: kunywa maji, meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa, jifunike upate joto, lala. Ukiona homa, kifua kinabana, pumzi inakata au maumivu hayashuki, hapo kimbia hospitali haraka. Sasa mimi saa kumi na moja alfajiri maumivu yameanza, nikilala na maji yangu pengine jioni niko sawa, lakini ofisi inataka karatasi, kwahiyo napanda bodaboda kwenye baridi ile ile inayoniumiza, nakaa kwenye benchi la zahanati masaa, sijanywa maji ya kutosha, nikitoka na ED yangu mkononi ya siku moja naumwa siku nne. Kuna ubishi gani hapo? Karatasi ya kuthibitisha ugonjwa ndo inaongeza ugonjwa, na mwajiri mwenyewe anapoteza siku nne badala ya moja.

Na usipoileta unakatwa. Ukiileta nayo mara kwa mara wanaanza "huyu ana daktari wake wa kumuandikia". Jana ulikua unacheka na wateja leo unaumwa, nani atakuamini. Mguu uliovunjika kila mtu anauona, sisi hatuna POP, ile plasta ngumu ya mguu, ya kuonyesha.

Ninachoomba ni kidogo sana. Mtu ambaye ana ugonjwa wa kudumu unaojulikana na anahudhuria kliniki alete barua moja ya daktari wake kwa mwaka ikae kwenye faili, afu akiumwa siku moja au mbili apige simu au atume meseji ihesabike kwenye zile siku zake, zikizidi mbili ndo alete ED. Siombi siku za ziada. Wenye pumu, wenye kifafa, nao nadhani wananielewa.

Na mabosi wajue kitu kingine, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataka kabla hujamuachisha mtu kwa sababu ya afya uangalie kwanza kama unaweza kumbadilishia majukumu. Kunitoa kubeba mabati kwenye godauni asubuhi na kunipa kazi ya stoku kwenye kompyuta haimgharimu mtu shilingi. Ukiachishwa hovyo, CMA wapo, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ila unatakiwa upeleke lalamiko ndani ya siku 30, wengi wanakaa nyumbani wanalia mpaka zinapita.

Kuna wadogo zangu kliniki huwa wananiuliza, dada nikienda intavyuu niseme? Mimi nawaambia usiseme, ingia kwanza, wakuone kazi yako. Hii likizo yenyewe yenye malipo sheria haikupi mpaka utimize miezi sita kazini. Najua kuna watakaosema nafundisha watu kuficha, sawa, waniambie wao wangemuajiri.

Vibarua wa saiti na mama ntilie wenye selimundu sijawataja kwa sababu hawana hata huyo wa kumpelekea karatasi, hilo ni la barua nyingine.

Maafisa utumishi mnaosoma gazeti hili, hiyo barua moja kwa mwaka inashindikana wapi? Nijibuni hapa hapa gazetini.

Msomaji,
Nkuhungu, Dodoma